Bahari si dawa ya sikio la mbwa

"Daktari, sikio tunalitibu. Kila asubuhi twampeleka bahari, chumvi itakausha." Husema hivi askari wa nyumba za Casuarina, huku Malindi, husema hivi na matajiri zao, na mbwa huletwa sikio likinuka kabla hajashuka garini. Jamani, chumvi haikaushi kitu humo.

Mfereji wa sikio la mbwa hushuka wima, kisha hukata kona kwenda kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio. Maji yakishapita kona ile hayatoki kirahisi. Mna joto, mna giza, sasa mna na unyevu: kuvu ya Malassezia, ambayo kwa kawaida huishi humo kidogo kidogo bila kumdhuru, hapo huzaana. Mbwa wa masikio yaliyolala, kama spanieli, ndiye huumia zaidi. Na ngozi iliyokwisha kuchubuka, chumvi yaiwasha tu. Mbwa atajikuna mpaka atoke damu. Tena hayo ni maji safi. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki ukamwaga udongo wake na bahari yetu ikawa nyekundu, unamtia tope sikioni.

Simkatazi mbwa mzima kuogelea. Aogelee, kisha mkaushe kwa pamba uliyoizungusha kidoleni, mpaka pale kidole kinapofika, basi. Vijiti vya pamba vitupe. Vyashindilia uchafu ndani. Lakini anayetingisha kichwa, sikio jekundu, akiguswa analia, bahari marufuku mpaka apone. Akianza kuinamisha kichwa upande mmoja na kuyumba, ugonjwa umeshaingia ndani. Mlete siku hiyo hiyo.

"Ni utitiri." Pengine, kama ni mtoto wa mbwa au analala na paka, na uchafu ni mweusi, mkavu, kama machicha ya kahawa. Wa kahawia wenye mafuta na harufu kali mara nyingi ni kuvu. Usaha wa njano au kijani, bakteria. Hata mimi siamini macho: napaka uchafu kwenye kioo, natia rangi, naangalia kwa hadubini. Ni dakika chache. Mwenzangu wewe wanunua ivermectin, dawa ya minyoo na utitiri, ile ya ng'ombe, wakadiria kwa jicho, wachoma sindano! Mbwa wa ukoo wa Collie aweza kufa kwa hilo.

"Nina matone yaliyobaki." Kiwambo kikiwa kimetoboka, gentamicin, dawa ya bakteria iliyomo katika baadhi ya matone, yaweza kumfanya kiziwi. Sikio huchunguzwa kwanza, dawa baadaye.

Limau, siki, mafuta ya taa: hapana. Mafuta ya taa ni ya taa.

"Harufu imeisha, amepona." Dawa kwa kawaida ni wiki 2 hadi 4, na nikuone tena kabla hujaacha. Na linalopona likarudi, likapona likarudi, shida mara nyingi si sikio, ni mzio: viroboto, vumbi au chakula. Muangalie kama analamba nyayo pia.

Jani la sikio likijaa ghafla likawa laini, ni damu imevia ndani kwa kutingisha kichwa. Usilitoboe nyumbani.

Halafu kupe. Likunjue sikio, pekua kwenye mikunjo ya chini, ndiko wanakojificha. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, vuta polepole bila kumminya. Kiberiti kiache jikoni.