Pikapu ya Umeme: Pima Mzigo na Njia Kabla ya Kulipa

Mtu anayefikiria kununua pikapu ya umeme huanza kwa kuuliza inakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja. Swali hilo latosha kwa gari dogo la kwenda kazini na kurudi. Kwa gari la mizigo halitoshi, kwa sababu kilomita anazoandika mtengenezaji hupatikana kwenye jaribio la maabara, ambamo gari halijajazwa mzigo, halipandi mlima wala halipambani na upepo. Isuzu D-Max ya umeme, yenye betri ya uniti 66.9 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, kama inavyosoma mita ya nyumbani), imeandikiwa kilomita 263. Maxus T90EV, yenye betri ya uniti 88.5, imeandikiwa kilomita 300 na ushei. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari humshauri mnunuzi apunguze robo ya hesabu hiyo kwanza, ndipo aanze kufikiria mzigo wake.

Mzigo wenyewe una tabia zake. Mifuko 20 ya saruji, ambayo ni tani moja kamili, ikilazwa chini ndani ya bodi, haili umeme mwingi kama watu wanavyodhani, mradi barabara ni tambarare na dereva hakimbizi. Kinachonyonya betri ni mzigo mrefu unaopita juu ya kabini, au trela lenye uso mpana, kwa kuwa gari hulazimika kusukuma hewa nyingi muda wote. Wamarekani waliojaribu kuvuta matrela makubwa kwa Ford F-150 Lightning waliona umbali ukipungua kwa nusu na wakati mwingine zaidi. Tena uwezo wa kuvuta hutofautiana sana kati ya gari na gari: D-Max ya umeme imeidhinishwa kuvuta tani 3.5, ilhali T90EV, yenye betri kubwa zaidi, imeidhinishwa tani moja tu, na mota yake huendesha magurudumu ya nyuma peke yake. Anayepita njia ya udongo mwekundu wakati wa masika ajue maana ya maneno hayo ya mwisho.

Milima inahitaji hesabu ya peke yake, na mfano mzuri ni barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, Tanzania, kilomita 33 hivi za kona, zinazopanda takriban mita 1,000. Pikapu tupu yenye uzito wa tani mbili na nusu hutumia karibu uniti 7 kwa kuinua uzito huo peke yake, mbali na umeme wa kuisogeza mbele. Lakini mfanyabiashara wa mboga hupanda mtupu na kushuka amejaza kabichi, na hapo gari la umeme lina faida ambayo dizeli haina: wakati wa kuteremka mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, kiasi kwamba gari laweza kufika Mombo likiwa na chaji zaidi ya ile liliyoondoka nayo. Kuna sharti moja ambalo wauzaji hulisahau. Ukijaza betri hadi asilimia 100 ukiwa Lushoto usiku, asubuhi haitakuwa na nafasi ya kupokea umeme huo, mota itasaidia kidogo sana, na karibu kazi yote ya kuzuia gari lenye mzigo itaziangukia breki za kawaida. Anayelala mlimani aishie asilimia 85 hivi.

Baada ya njia, tazama mahali gari litakapolala. Soketi ya kawaida ya nyumbani haifai kuvuta zaidi ya kilowati mbili na kidogo kwa saa nyingi mfululizo, na kwa kasi hiyo betri ya uniti 67 huhitaji zaidi ya saa 28 kujaa. Kifaa cha kuchaji cha ukutani cha kilowati 7 kitaimaliza kazi hiyo usiku mmoja, kwa saa 10 au zaidi kidogo, lakini kinataka waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, kikata umeme chake na ethi iliyopimwa, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Kifaa cha kilowati 11 kinataka umeme wa fezi tatu. Kama mtaani kwenu taa hufifia kila jioni, zungumza na shirika la umeme, TANESCO, kabla ya kuzungumza na muuzaji wa gari.

Bei ya umeme nayo ina mtego. Ili uniti 67 ziingie kwenye betri, mita husoma karibu 75, kwa sababu sehemu hupotea kama joto. Uniti 75 ndicho kikomo cha mwezi mzima cha mteja mdogo wa daraja la D1, kwa hiyo chaji moja tu humaliza nafuu yake yote. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2016, mteja wa T1, daraja la kawaida la nyumba na biashara ndogo, hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, yaani kama shilingi 26,700 kwa kujaza betri hiyo. Kwa safari ya kilomita 200, ambazo ndizo takriban D-Max ya umeme hubaki nazo ukipunguza ile robo, pikapu ya dizeli inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakunywa lita 20. Zizidishe kwa bei ya EWURA ya mwezi husika, utaona tofauti mwenyewe.

Kuna mazoea ya gereji ambayo hayana budi kuachwa. Kuongeza majani ya springi ili pikapu ya tani moja ibebe tani moja na nusu hakuongezi uwezo wa breki wala ekseli zake. Kuchomelea ngao au keria bila kwanza kuzima mfumo wa umeme mkubwa kwaweza kuharibu vifaa vya elektroniki, na nyaya zenye rangi ya chungwa, zinazobeba volti mia kadhaa, zisiguswe na fundi ambaye hakufunzwa.

Kwa gari lililotumika, usilipe kabla ya kuona kipimo cha afya ya betri kilichosomwa kwa mashine, na uulize kama betri hupozwa kwa kimiminika. Nissan LEAF za mwanzo, zilizopozwa kwa hewa tu, zilipoteza uwezo mapema kwenye joto la Arizona. Uliza pia aina ya plagi: gari la soko la China hutumia GB/T, la Ulaya CCS2, na la Japani mara nyingi CHAdeMO. Kabla ya kuagiza, piga simu kwenye vituo vya kuchaji vilivyo katika njia yako, uulize wana plagi ipi.