Simu huandika uliposimama, si ulichokitazama

Bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba hapa Lubumbashi linaonekana kutoka mbali. Mgeni hulipiga picha akiwa barabarani, akiwa kwenye baraza la hoteli, hata akiwa ndani ya teksi. Ziweke picha hizo kwenye ramani: vitone vitatapakaa mji mzima, na pale chini ya bomba lenyewe huenda usikute hata kimoja. Kazi yangu ni kusoma vitone vya namna hii, na wanafunzi wangu wote naanza nao hapo kwenye bomba.

Picha hubeba maandishi yasiyoonekana: tarehe, saa na, kama GPS imewashwa, latitudo na longitudo. Ukizipanga picha za mtu mmoja kwa kufuata saa, unaiona safari yake. Ukipanga za maelfu ya watu, unaona njia wanazopita watalii na mahali wanapokwama. Mwaka 2010 mchora ramani Eric Fischer alichora ramani za miji mingi kwa picha za mtandaoni. Aliyepiga picha katika mji mmoja kwa muda wa mwezi au zaidi alimhesabu mwenyeji, akampa buluu. Aliyepita upesi na kuonekana mwenyeji wa mji mwingine alimpa nyekundu. Kanuni nyepesi, na bado naiheshimu sana.

Kukusanya vitone kuwa vituo, wengi wetu tunatumia DBSCAN, mbinu ya kompyuta ya mwaka 1996. Unaipa umbali na idadi ya chini ya vitone, yenyewe inatafuta palipo na msongamano. Lakini hesabu watu, usihesabu picha! Mtu mmoja aliyepiga picha 200 za harusi kwenye ngazi za kanisa kuu atakuundia kituo cha watalii ambacho hakipo.

Majina nayo yanapotosha. Kule Florence, Italia, watu hupanda Piazzale Michelangelo, uwanja ulio juu ya kilima ng'ambo ya mto Arno, wakapiga picha ya kuba la kanisa kuu, kisha wakaandika "Duomo", jina la kanisa hilo. Ukifuata jina, umemrusha mtalii mtoni bila daraja. Ni bomba letu lilelile.

Huku kwetu kuna pengo kubwa zaidi. Picha nyingi zinapita WhatsApp, na WhatsApp ikituma picha ya kawaida huyafuta yale maandishi. Kwa hiyo mtaa usio na vitone usiuite mtaa usio na wageni.

Kilichonisumbua zaidi ni saa. Dada mmoja wa Kinshasa alinipa picha za matembezi yake hapa Lubumbashi. Simu yake ilisema makumbusho saa 10:20, kamera yake ikasema kanisa kuu saa 10:00. Nikachora mshale kutoka kanisani kwenda makumbusho. Alipouona akatikisa kichwa: "Hapana, papa. Nilianzia makumbusho. Kamera, ile njo saa ya Kinshasa." Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, simu ilijirekebisha yenyewe, kamera haikujua kama imesafiri. Hadi mwaka 2016 kanuni za Exif, zile zinazopanga maandishi yasiyoonekana ya picha, hazikuwa hata na mahali pa kuandika tofauti hiyo. Mshale wangu ulikuwa umegeuka kinyume.

Siku hizi mgeni akikubali kunipa picha zake, namwomba kwanza aipige picha saa ya simu yangu, kwa kamera yake ileile. Picha hiyo moja inanitosha kuzirekebisha zingine zote.