"Funga mlango": mtoto mwenye usonji na daftari la mama yake

Mtoto alikuwa na miaka sita, na sentensi aliyoitumia kuliko zote ilikuwa "Funga mlango." Aliisema darasani, mlango ukiwa umefungwa. Aliisema uwanjani, ambako hakuna mlango wowote. Mwalimu wake, mtu mwenye subira, alikuwa anainuka kila mara, anaufungua mlango, kisha anaufunga tena ili mtoto aone kwa macho yake. Hali ilizidi kuwa mbaya. Mtoto aliziba masikio, akapaza sauti, mwisho akajilaza sakafuni. Shule iliandika barua kwamba anasumbua wenzake na kwamba mzazi atafute mahali pengine.

Mama yake alikuja kituoni kwetu, tunakowatathmini watoto wenye usonji (kwa Kiingereza autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na namna mtu anavyoipokea dunia), na vitu viwili: barua hiyo na daftari la kawaida la shule. Barua niliisoma kwa dakika moja. Daftari lilinimalizia jioni nzima. (Mambo madogo madogo nimeyabadilisha hapa ili familia isitambulike.)

Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa rula katika safu tatu: kilichotangulia, alichosema au kufanya, kilichofuata. "Jumatatu, saa nne asubuhi. Jirani amewasha mashine ya kukata majani. Funga mlango, mara tano. Nimemchukua chumba cha nyuma, ametulia." "Jumatano. Mtoto mchanga analia kwenye basi. Funga mlango. Tumeshuka kabla ya kituo." Ziliendelea hivyo kurasa kumi na moja, halafu pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Ni ile radi!" Mtoto akiwa na miaka mitatu, radi ilipiga karibu na nyumba, na baba yake akapiga ukelele wa kwanza uliomjia: funga mlango! Tangu siku hiyo, maneno yale kwa mtoto hayakuhusu mlango hata kidogo. Yalikuwa na maana ya "kelele inaniumiza, naogopa." Na mwalimu, kila alipoufungua ule mlango ili aufunge, alikuwa anaingiza darasani kelele zote za nje.

Kurudia maneno ya wengine namna hii kitaalamu huitwa ekolalia. Kuna ile ya papo hapo: unamuuliza mtoto "Unataka maji?" naye anakujibu "Unataka maji?" akimaanisha ndiyo, nipe. Kuna na ile inayochelewa, ambapo maneno yaliyosikika jana au miaka mitatu iliyopita yanarudi na maana yake ya siri. Zamani sisi wataalamu tuliiona kama kelele tupu, tukawafundisha wazazi namna ya kuizima. Leo tunaichukulia kuwa mawasiliano, na kwa watoto wengi ni hatua ya kuelekea kwenye lugha yao wenyewe. Ila kuna tatizo moja ambalo elimu yetu haiwezi kulitatua. Aliyekuwepo siku radi ilipopiga ni mama, si mimi.

Jambo hili si geni, na ndiyo sababu linanikera. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo yaliyoufanya usonji utambulike kama hali inayojitegemea. Mtoto wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett. Kabla Kanner hajamwona, baba yake alikuwa amemwandikia barua yenye kurasa 33 akieleza alivyoimba, alivyohesabu, alivyopenda kuzungusha vitu na alivyokuwa hajali nani ameingia chumbani. Kanner aliinukuu barua hiyo kwa kirefu. Katika maelezo hayohayo yumo mtoto mwingine aliyekuwa akirudia, bila sababu yoyote iliyoonekana, onyo la kutomtupa mbwa kutoka ghorofani. Aliyetegua kitendawili ni mama yake: alikumbuka kwamba aliwahi kumwambia hivyo kuhusu mbwa wa kuchezea. Kwa hiyo daftari la yule mama aliyekuja kwetu lina ndugu yake mkubwa kwenye waraka wa kwanza kabisa wa fani hii.

Kisha fani ikawageuka wazazi. Kanner mwenyewe alikuja kuwaeleza kuwa watu baridi kama majokofu, na katika miaka ya 1950 na 1960 Bruno Bettelheim, mwandishi aliyeongoza shule ya watoto mjini Chicago, akaieneza fikra kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama hakumpenda vya kutosha. Akina mama wengi walienda kuomba msaada wakarudi na hatia. Waliosaidia kuibomoa fikra hiyo walikuwa wazazi: Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mwana mwenye usonji, mwaka 1964 alitetea kwa ushahidi kwamba chanzo kiko kwenye maumbile ya ubongo, na Lorna Wing, daktari wa akili wa Uingereza mwenye binti mwenye usonji, ndiye aliyetufundisha kuuona usonji kama wigo mpana badala ya sanduku moja. Utafiti wa mapacha uliofuata umeonyesha kwamba urithi wa vinasaba una uzito mkubwa sana. Sikuwahi kukutana na mzazi asiyeniuliza, hata kwa kuzungukazunguka, "Nilikosea wapi?" Hukukosea popote. Chanjo nazo hazihusiki. Makala ya mwaka 1998 iliyozituhumu ilitegemea watoto 12 tu, na jarida la kitabibu lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010.

Turudi kwenye daftari, maana ndilo ninalotaka uondoke nalo.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Utambuzi unatokana na kumwangalia mtoto na kusikiliza historia yake, na historia anayo mzazi. Nikiwa na saa moja na mtoto kwenye chumba asichokijua, naona mtoto aliyeogopa. Wewe una miaka. Kwa hiyo andika. Mtoto wa miezi 12 asiyegeuka akiitwa jina, wa miezi 18 asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu kilichomvutia, au wa umri wowote aliyekuwa na maneno yakapotea: andika tarehe, andika maneno yenyewe, rekodi video fupi kwa simu, nenda ukaombe tathmini. Video ya nusu dakika ya mtoto akicheza nyumbani hunisaidia kuliko maelezo marefu. Anza na kipimo cha usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Na ukiambiwa "subiri, wavulana huchelewa," usisubiri. Mtoto akionekana hana tatizo, umepoteza asubuhi moja.

Usiandike kila kitu, utachoka ndani ya wiki. Chagua jambo moja linalokusumbua zaidi, sema kulia wakati wa kuoga, ulifuatilie siku kumi na nne. Safu ya kwanza ndiyo wazazi huiruka, na ndiyo yenye dhahabu: nini kilitangulia? Mwanga, harufu, mtu mpya, njaa, ratiba iliyobadilika, usingizi mbovu wa jana. Watoto wengi wenye usonji hulala vibaya, na mara nyingi tabia ya mchana ina mizizi usiku. Maumivu nayo yasisahaulike. Mtoto asiyeweza kusema "jino linauma" anaweza kujipiga shavu, na nimeona likiitwa ukorofi kwa miezi.

Daftari lina kazi nyingine ambayo yule mama hakuifikiria mwanzoni. Atakuja mtu anayeuza tiba: vidonge, maji maalumu, hata dawa ya madoa yenye klorini inayopewa jina zuri. Hiyo ya mwisho ni sumu, usiiguse. Kwa mengine yasiyo na madhara, kama kubadilisha saa ya kulala au kupunguza mwanga, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati na uone kurasa zinasema nini. Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Kinachopungua ni mateso yanayoambatana nao, na hayo yanapungua kweli.

Wazazi huniuliza pia kama kadi za picha au kifaa cha kuongelea vitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Hapana. Utafiti hauonyeshi kwamba vinazuia usemi, na baadhi ya watoto huanza kusema zaidi wakishapata njia ya kueleweka. Mtoto aliyeweza kukupa picha ya kikombe hana haja ya kukuvuta nywele.

Shuleni, daftari zima halina nafasi. Mwalimu mwenye watoto arobaini hawezi kulisoma, na si haki kumtegemea alisome. Tulikaa na yule mama tukalifupisha likawa ukurasa mmoja. Juu kabisa tuliandika anachokipenda: namba za mabasi. Tabia zinazoudhi tuliziweka chini kwa makusudi, maana mwalimu anayeanza na orodha ya kasoro huanza na hofu. Katikati tukaweka kamusi fupi. "Funga mlango: kelele ni nyingi, mpe vizuia sauti au mtoe nje dakika tano." "Unataka choo?: anataka choo." Chini, mambo matatu ya darasa: ratiba ya siku kwa picha ukutani, agizo moja kwa wakati, na kumtahadharisha kabla kengele haijalia. Hayo matatu yanawafaa watoto wengine darasani pia, na mwalimu akilijua hilo huyakubali haraka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Mwalimu aliyefundisha miaka kadhaa amekwisha kuwa naye mmoja, pengine bila kumjua.

Shule ya kwanza haikubadilisha msimamo wake. Ya pili iliukubali ule ukurasa, ingawa kwa miezi miwili mama alikaa kwenye benchi nje ya darasa, na kazini kwake walianza kumnung'unikia. Sitaki kuipamba habari hii. Kuna usiku alioniandikia ujumbe saa nane, kwamba ndugu zake wanasema amemdekeza mtoto, na yeye mwenyewe siku hiyo amewaamini. Nilimshauri alale, amwachie baba zamu ya usiku mara mbili kwa wiki, na aandike hiyo zamu kwenye daftari kama anavyoandika mambo mengine.

Mtoto sasa ana miaka tisa. Anasema "kelele" kwa neno lake mwenyewe, ingawa akishtuka sana lile la mlango hurudi. Walipokuja mara ya mwisho nilifungua ukurasa wa karibuni. Safu ya kwanza: "Tunarudi shule, njia ileile, hakuna kelele." Ya pili: "Kesho bado, mara nne, huku anacheka." Ya tatu ilikuwa na alama ya kuuliza tu. Nilimtazama mama. Akasema, "Hii bado sijaipata. Nipe wiki mbili."