Homa inayovuruga akili si mapepo

Kuanzia Kayole hadi Kawangware, mitaa ya Nairobi, mtu akipata homa, akaanza kuweweseka na kupigwa na degedege, wengi bado husema ni mapepo. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, au ensefalitisi, yaani kuvimba kwa ubongo. Chanzo kimoja kikubwa ni kirusi cha hepesi, kilekile cha vidonda vya mdomoni. Kikivamia ubongo, bila tiba huua takriban wagonjwa 70 kati ya 100. Asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hicho, ikianzishwa mapema, vifo hupungua sana, ndiyo maana naomba maombi yafanyike njiani kuelekea hospitali. Baadhi ya wanaopona hubaki na kifafa au usahaulifu.

Aina nyingine ya ensefalitisi, iliyoelezwa na watafiti mwaka 2007, hutokana na kinga ya mwili kuushambulia ubongo. Huwapata hasa wanawake vijana, nayo haiambukizi kabisa.