"Walau" siyo "zaidi ya"

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha kwaya, nimeisikia tena: "Lengo ni faida zaidi ya laki tano, yaani walau laki tano." Yaani! Hayo ni mambo mawili, na baina yake imekaa sahani moja nzima ya sato.

Kwa kifupi: mlinganyo husema pande mbili ziko sawa. Kutolingana husema upande mmoja umeuzidi mwingine, au haujapungua chini yake. Majibu yake basi ni mengi, kuanzia mpakani au baada yake tu.

Sisi tunauza ugali na sato wa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Sahani ni shilingi 7,000, na samaki, unga, mafuta na mkaa vinakula 4,500. Inabaki 2,500. Turubai na viti vya kukodi ni 120,000, watu waje wasije. Kwa sahani n, na ≥ ikisomeka "walau":

2,500n − 120,000 ≥ 500,000
2,500n ≥ 620,000
n ≥ 248

Sahani ya 248 inaleta laki tano kamili. Aliyesema "walau" anaweza kufunika sufuria akaenda zake. Aliyesema "zaidi ya" bado anamtafuta mteja wa 249. Tofauti yao ni kale kamstari chini ya alama ≥. Alama < na > zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, aliyekuwa ameshafariki. Kuziwekea usawa chini yake kulisubiri mpaka 1734, kwa Mfaransa Pierre Bouguer. Miaka mia na ushee! Labda kikao chetu kisilaumiwe sana.

Lakini neno lenyewe tunalo. "Walau" ni la Kiarabu, "wa" na "lau", lau ile ile ya "lau ningejua"; kwao ni "hata kama". Ndiyo maana mtaani lina unyonge: "Nipe walau maji." Mwenye kuomba ameshusha ombi lake hadi mwisho, na akipewa maji hayo tu, kapata alichoomba. Hisabati inautaka mwisho huo huo, kwa sharti kwamba wenyewe umo ndani ya hesabu. "Zaidi ya" inauacha nje.

Kwa hiyo mwenyekiti wetu, kwa heshima, kwenye kadi za mchango tubakize "walau" peke yake. Na ile 248 tusiiandike "idadi ya kuuza", akina mama jikoni wasije wakazima moto. Tuandike "kuanzia 248".