Namba 10 Anaamua Lini?

Kazi yangu ni kuwafundisha wachezaji wa raga kuusoma mchezo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mbele ya skrini, video ikisimamishwa na kurudishwa nyuma. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu anayepokea mpira huku mpinzani wa kilo 110 akimjia mbio, anapata wapi muda wa kufikiri? Jibu langu ni kwamba muda huo hana. Mchezaji mzuri ameshaona kabla mpira haujamfikia, na kuona huko ndiko sehemu kubwa ya uamuzi wake.

Tupige hesabu. Tuseme namba 10, yule anayepokea mpira kutoka kwa namba 9 na kuongoza mashambulizi, amesimama mita 12 kutoka kwa mpinzani aliye mbele yake. Namba 9 anautoa mpira kwenye raki, lile kundi la wachezaji wanaosukumana juu ya mpira baada ya mtu kuangushwa, na kumpigia pasi ya mita 10. Pasi safi hukaa hewani kama robo tatu ya sekunde. Mpira ukishatoka kwenye raki, wapinzani wana ruhusa ya kuja, na katika muda huohuo wameshakula mita 4 au zaidi. Mpira unatua mikononi pengo likiwa mita 7 au 8, na kwa kuwa namba 10 naye anakwenda mbele, pengo hilo litakwisha kabla sekunde haijatimia. Sasa toa humo takriban robo ya sekunde ambayo mwanadamu huitumia kuitikia hata jambo jepesi kama taa inayowaka. Toa na muda wa mikono kupiga pasi au mguu kupiga teke. Kinachobaki hakitoshi kupima kama ni heri pasi, teke au kukimbia.

Kwa hiyo picha tuliyoizoea, ya mchezaji aliyepanga chaguo zake na kuteua iliyo bora, haifanyi kazi hapa. Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein alikutana na jambo hilihili miaka ya 1980 alipowachunguza makamanda wa zimamoto. Alitarajia kuona kila kamanda akilinganisha walau njia mbili kabla ya kutoa amri. Mara nyingi hawakulinganisha chochote. Waliitambua hali iliyo mbele yao, na ile kuitambua ikawaletea hatua ya kuchukua. Waliipitisha haraka akilini, na kama haikuwa na kasoro, wakatenda. Miaka kadhaa kabla yake, mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon walikuwa wamewaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde 5 tu kisha wakawataka waupange upya. Mabingwa waliwazidi wageni wa mchezo kwa mbali pale vipande vilipokuwa vimetokana na mchezo halisi. Vipande vilipotawanywa ovyo, ubora wao karibu wote ukatoweka. Walichokuwa wakikiona ni makundi yenye maana, si kipande kimoja kimoja.

Namba 10 mzoefu hali yake ni hiyo. Haoni wapinzani 15. Anaona umbo. Mpira ungali kwenye raki, anahesabu wapinzani kuanzia ukingo wa raki kwenda nje na kulinganisha na watu wake. Anatafuta mzito aliyejikuta amesimama kati ya wepesi wawili, kwa sababu pembeni ya mtu huyo patafunguka. Anaangalia ni nani ametoka kunyanyuka chini na bado hajageuka kuangalia mbele. Kisha anatazama nyuma ya safu ya wapinzani: namba 15, mlinzi wa mwisho, yuko wapi, na winga wa upande wa pili amerudi au amepanda?

Tangu sheria ya 50:22 ilipoanza kujaribiwa duniani kote mwaka 2021, mtazamo huo wa nyuma umekuwa na thamani kubwa zaidi. Ukipiga teke kutoka nusu yako ya uwanja, mpira ukadunda kisha ukatoka nje ndani ya mita 22 za mwisho za upande wa wapinzani, ni timu yako inayourusha ndani. Ili kujikinga na teke hilo, timu hulazimika kuwaweka watu nyuma, na kila anayebaki nyuma amepungua kwenye safu ya mbele. Ndiyo maana namba 10 hodari huuliza swali moja tu: wamejaa mbele, au wamejaa nyuma? Wakijaa mbele, mguu una kazi. Wakijaa nyuma, mikono ina kazi. Nimeona vijana wenye vipaji vikubwa wakihangaika miaka mingi kwa sababu tu hakuna aliyewafundisha kuuliza swali hilo mapema, mpira ukiwa bado chini.

Tena swali hilo haliulizi peke yake. Hapa ndipo watazamaji wengi wanapopotoka, maana kamera inamwonyesha aliyeshika mpira, nao wanadhani uamuzi ni wake mwenyewe. Namba 10 mara nyingi macho yake yako kwenye raki, kwa namba 9, basi hawezi kuona kila kilichoko pembeni. Anayeona ni winga na mtu wa kati aliye nje yake. Wao ndio macho, na wajibu wao ni kupaza sauti. Sauti hiyo lazima iwe fupi, neno moja au mawili yaliyokubaliwa mazoezini, na ifike kabla ya mpira. Ikifika pamoja na mpira, imechelewa. Timu inapokaa kimya baada ya dakika ya 60, mimi huanza kuwa na wasiwasi kabla hata matokeo hayajabadilika. Uchovu huwanyamazisha wachezaji, na kikosi kilichonyamaza kimepoteza nusu ya macho yake.

Uamuzi mgumu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule mdogo kabisa: wawili dhidi ya mmoja. Nina mpira, mwenzangu yuko kando yangu, mpinzani yuko peke yake. Nikipasi mapema mno, mpinzani ataniacha na kuteleza hadi kwa mwenzangu. Nikichelewa, ataniangusha na mpira wangu. Anayejua kazi hii hatazami mpira wala uso wa mpinzani. Anatazama nyonga na miguu, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuelekeza nyonga zake upande mmoja hawezi kugeuka papo hapo. Kwa upande wa mlinzi ni vivyo hivyo. Mwaka 2006 Robin Jackson na wenzake walichapisha utafiti ambamo wachezaji wa raga walionyeshwa video za mtu akija mbio na kubadili mwelekeo, mara nyingine akitanguliza chenga. Wenye kiwango cha juu hawakudanganyika kirahisi kama wenye kiwango cha chini. Chenga hufanywa kwa kichwa, macho na mabega. Shina la mwili ni gumu kudanganya nalo, na mzoefu amejifunza kuliamini hilo.

Upo uamuzi wa aina nyingine kabisa, wa polepole, na huu ndio unaozua mabishano. Refa ametoa penalti. Nahodha anaweza kuchagua kupiga golini kwa pointi 3, au kuutoa mpira nje karibu na kona ili timu yake iurushe ndani na kusukuma kutafuta trai ya pointi 5, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, au kuomba skramu, ambapo wachezaji wa mbele wa timu zote mbili hushikana na kusukumana, au kuanza kucheza hapohapo. Akishamwambia refa kwamba wanapiga golini, hawezi kubadili, na mpigaji ana sekunde 60. Kwa hiyo ana muda mfupi wa kupima: umbali na pembe, upepo, dakika zilizobaki, kama wapinzani wana mtu aliyetolewa kwa dakika 10 kwa kadi ya njano, na jambo ambalo televisheni haiwezi kulionyesha, yaani wanaosukuma mbele wana hali gani.

Kombe la Dunia la 2015 lilitupa mifano miwili ndani ya juma moja. Septemba 19, mjini Brighton, Japani walikuwa nyuma ya Afrika Kusini 32-29 mechi ikiwa ukingoni, wakapata penalti. Pointi 3 zingeleta sare ambayo peke yake ingekuwa habari ya dunia nzima. Nahodha Michael Leitch akachagua skramu, ingawa kocha Eddie Jones juu kwenye viti alitaka zichukuliwe pointi 3. Mpira ukapelekwa huku na huku hadi Karne Hesketh akafunga trai pembeni, 34-32. Septemba 26, Twickenham, Uingereza walikuwa nyuma ya Wales 28-25, zimebaki dakika chache, wakapata penalti pembeni mwa uwanja. Nahodha Chris Robshaw naye aliikataa sare na kuchagua kona. Mpira ukarushwa kwa mtu wa mbele kabisa, Wales wakawasukuma wote nje, mechi ikaisha vilevile. Leitch aliitwa shujaa. Robshaw alisemwa kwa miaka.

Tofauti ya pointi ilikuwa ileile, 3. Roho ya uamuzi ilikuwa ileile. Tukiwahukumu kwa matokeo peke yake, hatujifunzi chochote kuhusu kuamua. Mimi ninaona chaguo la Robshaw lilikuwa na hoja, maana teke lile lilikuwa la pembe ngumu. Kilichokosewa ni kilichofuata. Mlipo mita 5 kutoka mstari wa trai, mpira ukirushwa kwa aliye mbele ya mstari wa wachezaji wanaousubiri ndio rahisi kuudaka, lakini pia ndio ulio karibu zaidi na mstari wa nje, na wapinzani wana ukuta wa bure wa kuwasukumia. Huo ni uamuzi wa pili, tofauti na ule wa nahodha kukataa golini, na unapaswa kujadiliwa peke yake. Mara nyingi makosa ya raga hukaa hapo, kwenye uamuzi mdogo uliojificha nyuma ya ule mkubwa tunaoubishania.

Kuhusu presha nitasema machache. Mapigo ya moyo yakipanda na hofu ikiingia, uwanja wa macho hubana, mtu akaona aliye mbele yake tu. New Zealand walitolewa na Ufaransa 20-18 katika robo fainali ya 2007 mjini Cardiff, na baada ya hapo wakafanya kazi na Ceri Evans, daktari wa magonjwa ya akili, kuwafundisha wachezaji kuitambua hali hiyo ikiwajia na kujirudisha: kupumua kwa makusudi, kukanyaga ardhi kwa nguvu, kuinua macho hadi mwisho wa uwanja. Mwaka 2011 walishinda fainali dhidi ya Ufaransa haohao kwa 8-7, mchezo ambao ungeweza kuwaponyoka wakati wowote.

Njia nyingine ya kupambana na presha ni kuupunguza uamuzi wenyewe. Fainali ya 2003 mjini Sydney inakumbukwa kwa teke la Jonny Wilkinson la mguu wa kulia, mguu ambao si wake, lililoipa Uingereza ushindi wa 20-17 dhidi ya Australia katika muda wa nyongeza. Lakini tazama kilichotangulia. Mpira ulirushwa ndani hadi kwa Lewis Moody, aliyekuwa nyuma ya mstari wa wanaousubiri, Mike Catt akaingia nao katikati, Matt Dawson akachomoka na kula mita za thamani, Martin Johnson akaupeleka mbele kidogo zaidi ili Dawson apate muda wa kunyanyuka na kurudi kwenye nafasi yake. Kila mmoja alijua safari ile inaishia wapi. Wilkinson alibakiwa na uamuzi mmoja tu wa kufanya, mguu upi.

Mazoezini, basi, simwambii mchezaji afanye nini. Naweka michezo midogo, sita kwa watano au wanne kwa watatu, na nabadilisha idadi katikati ya mchezo bila kutangaza, ili asiyeinua kichwa aumbuke mapema pale ambapo hakuna kinachopotea. Na tunapokaa kwenye video, siulizi "kwa nini ulipiga teke?" Swali hilo humfanya ajitetee, akatunga sababu ambazo hazikuwapo kichwani mwake. Nasimamisha picha mpira ukiwa bado kwenye raki na kumuuliza: "Hapa ulikuwa unaona nini?" Akijibu kwamba alimwona winga amepanda na namba 15 yuko upande wa pili, ninafurahi hata kama teke lilikwenda vibaya, maana mguu tutaurekebisha kwa kurudiarudia. Akisema hakumbuki kuona chochote, na teke lile likazaa trai, hapo ndipo tuna kazi ya kufanya juma zima.