Mamothi waliuawa na nini hasa? Dhana potofu na ukweli

Kuna hii ya kwamba kimondo kiliwamaliza wanyama wote wakubwa wa zamani kwa mpigo mmoja, dinosauria na mamothi (wale ndugu wa tembo wenye manyoya, wa enzi ya barafu) humohumo. Hapana jamani. Kimondo cha Mexico kilianguka miaka milioni 66 iliyopita, kikawamaliza dinosauria (ndege ndo ukoo wao uliobaki), mamothi wamekuja baadae sana.

Inayoniudhi zaidi ni ile ya eti baridi iliwaua. Baridi ndo kwao! Manyoya mazito, mafuta chini ya ngozi. Shida ilikuja enzi ya barafu ilipoisha, kama miaka 11,700 iliyopita, joto likapanda na mbuga za majani waliyokuwa wanakula zikageuka misitu na vinamasi. Lakini joto lilishawahi kupanda huko nyuma wakapona, sasa safari hii kiliongezeka nini? Watu.

Hapo mtu atakwambia binadamu wachache na mikuki yao wangewamalizaje. Wala hawakuhitaji kuchinja kundi zima. Angalia tembo wa leo, mimba miezi 22, mtoto mmoja, halafu anakaa miaka minne mitano ndo azae tena, kwa hiyo mkiua wengi kidogo tu kuliko wanaozaliwa basi wanaisha taratibu na wawindaji wenyewe hata hawastuki. Kule New Zealand mababu wa Wamaori, wenyeji wa huko, walifika karne ya 13, na moa, yale madege makubwa yasiyo na mabawa, hayakufikisha hata miaka 200 toka hapo.

Ila msibebeshe watu lawama kila mahali. Kisiwa cha St. Paul, Alaska, hakikuwa na mtu hata mmoja na mamothi wake wakaisha miaka kama 5,600 iliyopita. Bahari ilipanda, kisiwa kikabaki kidogo, ziwa la maji ya kunywa likapungua kina, na wao kwa kung'ang'ania palepale wakalivuruga kingo likazidi kujaa tope. Kiu ndo iliwaua. Wanasayansi walitoboa tope la chini ya ziwa wakahesabu, tabaka kwa tabaka, vimbegu vya kuvu wanaoota kwenye kinyesi cha wanyama, wakaona mahali vinapokata, na DNA ya mamothi inapotea hapohapo.

Na wala hawakuisha siku moja. Wa mwisho walikuwa kisiwa cha Wrangel, Urusi, mpaka miaka kama 4,000 iliyopita, wakati piramidi kubwa la Giza lilishajengwa zamani.